Sketi ya Kuendea Thelujini

Habari za ukoo wangu nitaziacha zilale. Tulivyotoka Burundi, tulivyokaa kambini Kigoma, nani alimzaa nani, hayo tumeyaeleza kwenye maofisi mengi mpaka nadhani kuna ofisi moja ililazimika kuongezewa ghorofa kwa ajili ya maelezo yetu peke yake. Mimi nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mmoja kati ya miaka yetu ya Louisville, na nazisema kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Nzigire huko Buffalo, na tangu nirudi hapa Columbus sijaweza kupita mbele ya duka la nguo za baridi bila kusimama. Nasimama kama mlinzi aliyesahauliwa na kampuni yake. Wanafunzi wa chuo wanaojaa mtaa huu, ambao huvaa kaptula kwenye baridi ya kugandisha maombi kabla hayajafika mbinguni, wananizunguka na kwenda zao. Mimi naangalia suruali nene zilizotundikwa dirishani, nyeusi, buluu, nyekundu, najiambia, Jenerosa, twende, ni nguo tu hizo. Halafu siendi.

Mwaka ule tulikuwa tunaishi wawili kule South End, upande wa kusini wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, kwenye nyumba ya kupanga yenye madirisha yaliyokuwa yakilia upepo ukivuma. Nzigire alikuwa Mkongo wa Bukavu, mdogo wangu kwa miaka michache, mwembamba, mwenye kicheko kilichoanza mabegani kabla hakijafika mdomoni. Chumba cha mbele kilikuwa ndicho sebule, ndicho jiko, na ndicho kiwanda cha ushonaji, maana juu ya meza ya kulia alikuwa ameikalisha cherehani yake na sisi wenyewe tulikula sahani zikiwa magotini. Alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa kwao, kwa harufu iliyowahi kuliza kengele ya moshi bila moshi wowote. Mchana tulifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, chumba cha kugandishia, na jioni tulikwenda shule ya watu wazima kutafuta kile cheti ambacho bila hicho nchi hii hata ufagio wanaogopa kukukabidhi. Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku, na sitaki mtu alisahau hilo. Nilipita mtihani wa hesabu kwa alama ambazo mwalimu alizitazama mara mbili, akazitazama tena kwa miwani.

Lakini kitu cha Nzigire hakikuwa shule wala kiwanda. Kitu chake kilikuwa sauti. Kanisa letu la Kiswahili lilikuwa linaazima jengo la Wazungu. Wao walitoka saa sita mchana, sisi tukaingia na ngoma zetu. Nzigire alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya ya akina mama. Alisimama mbele, mkono wa kushoto wa kinanda, akafumba macho, akatoa mlio mmoja mrefu usio na maneno, kama mtu anayemwita ndugu yake aliye ng'ambo ya bonde, na baada ya hapo ndipo wimbo wenyewe ukaanza. Watoto wetu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza huku wameinamia simu, waliinua vichwa. Nimeona mwanamume mzima aliyekuja kutengeneza mabomba ya kupashia joto, Mmarekani asiyejua hata "Bwana asifiwe", akiketi juu ya sanduku lake la vyuma mpaka wimbo ukaisha. Nzigire hakuwa na mume wala mama wala kaka nchi hii. Alikuwa na ile nafasi ya mbele, kushoto kwa kinanda. Ukimwuliza wewe nani, angekwambia, "Mi ndiye nanzishaka."

Na kanisa letu lilikuwa na sheria zake. Pombe hapana, dansi hapana, na mwanamke havai suruali. Hii ya suruali ilikuwa imevuka bahari pamoja na sisi bila kupungua hata uzi. Kiwandani tulilazimishwa kuvaa suruali ya kazi, kwa hiyo akina mama wa kanisa waligundua namna yao: suruali ya kampuni chini, sketi ndefu juu, na msimamizi wetu akachoka kuuliza. Ukituona tumejipanga kwenye mashine ya mapaja ya kuku, sketi zikichungulia chini ya makoti meupe, ungedhani ni misa ya Pasaka inafanyika ndani ya friji. Aliyeilinda sheria hiyo alikuwa Mama Shemasi, Mrundi mwenzangu, mzee wa wamama wote. Msije mkamfanya mtu mbaya. Nilipougua homa majira yale ya kwanza, ni yeye aliyepanda mabasi mawili na sufuria ya uji imefungwa kwenye taulo, akaniketisha na kuninywesha kijiko kwa kijiko kama kifaranga. Lakini kwenye suruali hakuwa na mchezo. Alikuwa akisema, "Tumepoteza nyumba, tumepoteza mashamba, tumepoteza watu. Sketi hii moja hatutaipoteza."

Sasa, baada ya matokeo ya mtihani kutoka, mwalimu wetu Miss Dona alisimama mbele ya darasa akachora mlima ubaoni. Alichora na mtu mdogo juu yake, amesimama kwenye mbao mbili. Akasema waliofaulu wote atawapeleka kwenye kilima cha skii, yaani kuteleza thelujini kwa mbao, ng'ambo ya mto, upande wa Indiana, na mbao zenyewe na viatu vyake vitakodishwa kule kule, sisi tuje na nguo tu. Darasa likacheka. Mzee mmoja wa Kisomali akauliza kwa nini mtu apande mlima ikiwa nia yake ni kushuka. Mimi nikasema ninaenda ikiwa kuna chakula. Nzigire hakucheka. Alikuwa anautazama yule mtu mdogo wa ubaoni.

Tulipokuwa tunangoja basi la kurudi nyumbani, nikamwuliza ana nini. Akanionyesha lami ya kituoni kwa kidole cha glavu. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia aliteleza pale pale kwenye barafu, akaanguka chali mbele ya watu wote wa basi, mayai yake yakapasuka, na hakuna aliyeshuka kumwinua.

"Yaya," aliniambia, maana ndivyo Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, "mi nilianguka bure mu hii inchi. Bon. Sasa nataka nianguke mu mapenzi yangu mwenyewe."

Tukaanza kutafuta nguo. Tulijiona maprofesa wa baridi, maana nani Kentucky nzima aliyekaa kwenye baridi kuliko sisi, tuliokuwa tunapiga saluti kwa kuku waliogandishwa siku tano za juma? Tukakusanya silaha zetu za kiwandani: fulana za pamba tatu kwa mpigo, sweta mbili, soksi juu ya soksi, na katikati ya soksi mfuko wa plastiki, kama tulivyofundishwa na wakongwe wa chumba cha kugandishia. Tulijaribu yote siku ya mapumziko pale sebuleni. Tukavimba. Nzigire aliinua mkono kujikuna pua, mkono ukagoma kufika. Mimi nilikaa kwenye kochi nikashindwa kuinuka, na Nzigire alipokuja kunivuta akaangukia juu yangu, tukabaki pale kama mabunda mawili ya mitumba yaliyodondoka kwenye lori, tunacheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Ndipo nikampigia Wanjiku. Wanjiku alikuwa Mkenya aliyetusaidia hesabu darasani kabla hajahamia Columbus kusoma, na nilipomweleza habari za mifuko ya plastiki akasema, "Njooni. Jumamosi. Msinunue kitu." Tukapanda basi. Alikuwa akiishi mtaa huu huu ninaokaa sasa, kwenye nyumba ya matofali iliyogawanywa vyumba kama sanduku la mayai, na chumba chake kilijaa nguo za theluji. Alitueleza kwamba wanafunzi wa huku wakihama mwisho wa mwaka huacha kando ya barabara vitu ambavyo kwetu vingerithiwa na vizazi vitatu, naye alikuwa akipita na kuokota. Alitupikia chai ya maziwa na chapati juu ya jiko la umeme lenye jicho moja. Nyuma ya ukuta vijana wawili walikuwa wanabishana nani amekula jibini ya nani, na ubishi wao uliendelea wakati wote tulipokuwa pale, ukawa mkali kuliko kesi za ardhi.

"Listen," alisema Wanjiku, akiwa ameshika mojawapo ya fulana zetu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hii pamba wekeni mbali. Kwa friji mko kavu, sindio? Huko mtaanguka, mtalowa, mtatoa jasho, na pamba ikilowa inawaua polepole. Chini mnavaa hii ya kubana, ya sufu. Katikati kitu nyepesi cha joto. Juu, kitu maji haiingii. Tatu tu. Si kumi na tatu."

"Na miguu?" niliuliza.

"Soksi moja."

"Moja?" Nzigire alishtuka kama ameambiwa aende peku.

"Moja ndefu. Ukibana damu, mguu unaganda. Nani aliwadanganya mambo ya plastiki?"

Hatukumtaja mtu. Akatupa kofia za sufu, miwani mikubwa ya theluji iliyotufanya tufanane na nzi, na glavu ambazo ukizivaa huwezi hata kujisalimia. Mimi nilipata suruali nyeusi na jaketi la rangi ya machungwa lililonifika magotini, likanitosha kama limezaliwa nami. Kisha akatoa suruali ya theluji, ya buluu, yenye kanda za mabegani, akamrushia Nzigire.

Nzigire aliishika. Aliigeuza ndani nje, akakagua mishono, maana alikuwa fundi. Akaivaa chini ya gauni lake. Wanjiku akasema hawezi kuona kama imemkaa, avue gauni. Nzigire akanitazama, mimi nikatazama chapati. Akalivua gauni, akasimama mbele ya kioo kirefu kilichokuwa na ufa, na fulana ile ya kubana juu na suruali chini. Alisogeza mguu wa kulia. Akasogeza wa kushoto. Wale wa jibini wakawa wanatukanana nyuma ya ukuta.

"Yaya," alisema, "ona. Niko na miguu mbili."

Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo mwezi mzima. Watu wanadhani aliyevunja sheria ana kiburi au ana shetani, au ameiga Wazungu. Mimi nilikuwepo. Nilimwona mwanamke mzima amesimama kwenye chumba cha mwanafunzi anashangaa miguu yake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa utotoni. Halafu akalirudia gauni haraka, akasema, "Hapana. Bamama batanitoa ku kwaya." Wanjiku akamwuliza kwani kanisa lenu liko mlimani. Nzigire akamjibu kwamba kanisa letu liko kila mahali, na hilo lilikuwa kweli.

Tukiwa ndani ya basi la kurudi alipata wazo. Tulivyofanya kiwandani ndivyo tutakavyofanya mlimani. Alinunua kitenge cha manjano chenye ndege weusi, akapasua blanketi letu la akiba, akalilaza ndani, na kwa juma zima cherehani haikulala. Alishona mistari ya kukingamana ili blanketi lisihame, akaweka marinda ili hatua ipate nafasi, na kiunoni vifungo vikubwa vinavyofunguka hata kwa mkono wenye glavu. Ilipokwisha ilikuwa nzito na ya kupendeza. Ungeisimamisha peke yake sakafuni ingesalimia wageni. Nadhani ni sketi ya kwanza ya skii kushonwa na binti wa Bukavu tangu dunia iumbwe.

Jumamosi iliyotangulia safari tulimwita Mama Shemasi aje aione. Tulimpikia ugali na sombe ya majani ya muhogo, tukaweka na sambaza. Alikula kwanza, kwa utulivu, akasifu chumvi, akanawa, ndipo akasema, "Haya, mwanangu, vaa." Nzigire akatoka chumbani na suruali ya buluu chini, sketi ya ndege juu mpaka kwenye vifundo. Mama Shemasi alishika pindo akalipima kwa vidole.

"Tembea."

Akatembea.

"Chuchumaa. Inuka. Sasa ruka."

"Mama, niruke?"

"Si mnakwenda kuruka huko?"

Nzigire akaruka, ndege wote wakaruka naye, jirani wa chini akagonga dari. Mama Shemasi akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Hii ni nguo ya mwanamke," alisema. Akaweka mkono juu ya kiuno cha sketi akaomba, na maombi yenyewe nayakumbuka: kwamba Mungu aliyewavusha wana wake mito na misitu aivushe sketi hii, ipande salama na kushuka salama. Tulisema amina. Nzigire alilala usiku ule akiwa ameitandika juu ya miguu yake.

Kilima chenyewe, nikikikumbuka leo, hakikuwa kirefu, lakini siku ile kilikuwa kirefu kuliko Kilimanjaro kilichobebwa na Kilimanjaro kingine. Viatu vya kukodi vilikuwa vizito kama dhambi za mtu mwingine. Tulipigiliwa kwenye mbao, tukafundishwa kujipanga vidole ndani kama bata, tukaanguka mahali pa tambarare ambapo hata kikombe kisingeanguka. Nzigire alianguka vizuri kuliko wote, sketi ikifunguka kama mwavuli, watoto wa Kizungu wakasimama kumtazama. Yeye alikuwa anacheka. Halafu ikafika zamu yetu ya kupanda, kwenye vile viti vinavyoning'inia kwenye waya, vinavyokuja nyuma yako bila hodi na kukuzoa. Kijana aliyesimamia viti akainua mkono.

Aliongea kwa upole, hilo nitamshuhudia. Alisema kitu chochote kirefu kinachopepea hakiruhusiwi, kinaweza kunaswa kwenye kiti, na mtu akabaki akining'inia. Miss Dona akajaribu kumsihi. Kijana akatikisa kichwa, akaonyesha chuma. Ama sketi ivuliwe ama dada huyu abaki chini. Kule kwenye jengo kuna moto na kakao.

Nyuma yetu foleni ikajaa. Nilimwambia Nzigire twende tukanywe kakao, mimi mwenyewe miguu ilikuwa inanidai, na sikuwa nadanganya. Alikuwa anatazama juu, mahali viti vilipokuwa vikiingia kwenye ukungu. Akatazama jengo lenye moto. Tena akatazama juu. Nilijua anachopima, na wala hakikuwa kilima. Kisha akavua glavu kwa meno, akafungua vifungo kimoja kimoja, akaikunja ile sketi kwa uangalifu, nne kwa nne, kama inavyokunjwa bendera, akampa Miss Dona amshikie.

"Tupande, yaya," alisema.

Tukapanda. Nilifumba macho njia nzima nikiahidi mambo makubwa ambayo sijayatimiza. Juu kulikuwa kimya, kimya cha pamba masikioni, na dunia nyeupe chini yetu na miti myeusi pembeni. Nzigire alisimama ukingoni, miguu yake miwili ya buluu imeachana, akavuta pumzi, na akashuka. Hakujua kusimama, hakujua kukata kona, alishuka wima kama jiwe lililotupwa. Na akiwa katikati ya mteremko akatoa ile sauti. Ile ya kanisani, ndefu, isiyo na maneno. Iligonga upande wa pili wa kilima ikarudi. Watu waliosimama kwenye foleni waligeuza shingo. Aliporomoka mbali, chini kabisa, kwenye rundo la theluji, na nilipomfikia, nikiwa nimeteremka kwa makalio kwa heshima zote, alikuwa amelala chali anatazama mbingu, machozi yameganda kwenye kope. Hakuna mtu aliyekuwa amemwangusha.

Miss Dona alipiga picha. Nzigire aliipenda, akaiweka kwenye simu yake mahali pa kuonekana na kila mwenye namba yake, yaani kanisa zima. Nilimwambia aitoe.

"Mbona?"

"Unajua mbona."

"Yaya, hii ndiyo sura yangu siku nilifurahi. Naificha kwa nani?"

Jumapili iliyofuata tuliitwa mbele ya kanisa wote wawili. Mimi jambo langu lilikuwa jepesi: sikuwa mwanakwaya, nilikuwa mtu wa viti vya nyuma, na suruali yangu ilifichwa nusu na jaketi la machungwa. Nilitubu. Nilipiga magoti mbele ya kanisa, nikasema nimekosa, wakaniombea, nikainuka nikapangusa magoti, na sambusa baada ya ibada zilikuwa tamu kama kawaida. Lakini mwanzishaji wa nyimbo ni kioo, ndivyo walivyosema. Aombe toba mbele ya wote au atoke mbele.

Mama Shemasi alikuja nyumbani Jumanne kumsihi. Mimi nilikuwa naosha vyombo, na nyumba ile ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata mawazo yalisikika chumba cha pili.

"Mwanangu, ni neno moja tu. Unasema nimekosa, tunakufunika, Jumapili ijayo unaimba."

"Mama, niliiba? Nilisengenya mutu?"

"Uliivua. Niliiombea kwa mkono wangu huu, ukaivua."

"Ile chuma ingenikamata."

"Ungebaki chini."

Nilifunga bomba.

"Ndiyo, mama. Ningebaki chini. Sikupenda kubaki."

"Basi hilo hilo ndilo utubu."

"Bon, mama, sikia. Nikipiga magoti, nitasema kwa Mungu kama nimehuzunika. Na sihuzuniki. Nilifurahi. Donc, basi, nidanganye Mungu juu nipate kuimbia Mungu?"

Mama Shemasi alilia. Nzigire alilia. Mimi nililia jikoni na povu mikononi. Hakuna aliyekuwa adui wa mwenzake kwenye nyumba ile, na huo ndio uchungu wenyewe. Kungekuwa na adui tungejua pa kurusha mawe. Mama Shemasi alipoondoka alimwachia ndizi kwenye mfuko.

Nzigire alikaa nami kwenye viti vya nyuma Jumapili zote za majira yale, mdomo umefungwa. Kwaya iliimba bila yeye, na ile nafasi, kushoto kwa kinanda, wakaiwekea feni. Nzigire alikuwa anaitazama feni. Miti ilipotoa majani akasema kuna kazi Buffalo, kiwanda cha vipuri, na kuna Wakongo wengi. Nilimsindikiza kituo cha basi. Cherehani aliibeba magotini kama mtoto. Mimi nami baadaye nikahamia Columbus, na tukawa watu wa simu. Nilikuwa nikimwambia, "Hebu nianzishie kidogo, nimekumisi," naye akisema koo, yaya, koo linauma. Miaka ikapita, koo likawa linauma tu. Mwishoni ni figo zilizomchukua, kwa miezi michache, na hakutaka nijue mpaka ilipokuwa vigumu kuficha.

Nilifika Buffalo nikaikuta nyumba yake maeneo ya Kensington-Bailey, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, imejaa wanawake wa huko waliomzoea kazini na mtaani. Theluji ilikuwa imeanguka usiku na mchana, ile ya Buffalo isiyoanguka bali inahamia. Tulipika maharage, tukapika wali, tukakaa sakafuni. Siku ya pili gari la Louisville likafika, limejaa akina mama wa kanisa letu la zamani, nikashuka ngazi kuwapokea.

Niliona suruali kabla sijaona uso. Nyeusi, nene, za kuzuia theluji, mpya, zikishuka kutoka garini polepole, mguu mmoja, kisha wa pili. Ilikuwa Mama Shemasi. Amezeeka, mgongo umepinda, mkono mmoja umeshika fimbo. Nyuma yake wengine nao vile vile, suruali, suruali, suruali.

"Jene, mwanangu."

"Mama. Poleni na safari."

Aliona macho yangu yalipokuwa. Akajitazama miguu, akanitazama tena.

"Baridi, mwanangu," alisema. "Huku kuna baridi."

"Ndiyo, mama. Kuna baridi."

Nilimshika kwapani tukapanda ngazi. Nikamketisha, nikapiga goti nikamvua buti, nikamkung'uta theluji kwenye pindo za suruali, nikampa chai ya tangawizi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Huku alikuwa akiimba?"

Wanawake wa Buffalo wakatazamana. Mmoja, aliyefanya naye kazi mashine moja miaka yote, akauliza kwa mshangao, "Nzigire? Alikuwa anaimba?"

"Hapana, mama," nilimjibu mzee. "Huku hakuimba."

Alitikisa kichwa taratibu, muda mrefu. Kisha akauliza kesho makaburini nani ataanzisha.

Ilibidi nianzishe mimi. Tulisimama kwenye theluji ya magotini, jeneza likiwa kwenye kamba zake, mchungaji akangoja, upepo ukangoja, nikafumba macho nikaitafuta ile sauti yake, nikakuta yangu tu. Nilianza juu mno. Mama Shemasi akaidaka hivyo hivyo ilivyo, juu mno, sauti ikimkatika, na wengine wote wakafuata.